Gurudumu Laini, Barabara Ngumu

Kosa lililomvunja mkono mpwa wangu lilikuwa kosa la lugha, na aliyelifanya ni mimi. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, tatu au zaidi. Nimewasahihishia wanafunzi insha zisizo na idadi, nikipigia mstari mwekundu kila neno lililotumiwa bila kupimwa. Lakini siku kijana wa miaka kumi na minne aliponijia na swali la gurudumu, nilimjibu kwa neno ambalo mimi mwenyewe sikulipima.

Kijana huyu alikuwa amerithi ubao wa magurudumu, ule ambao vijana huuita skeiti, kutoka kwa binamu yake. Ubao ulikuwa mzima, lakini magurudumu yalikuwa yamelika upande na beringi zilikuwa zikilia kama mlango wa ghala. Akadunduliza pesa za sikukuu mpaka zikatosha kununua seti mpya. Kabla ya kuagiza, alinifuata barazani.

"Mjomba," akasema, "kuna magurudumu magumu na kuna laini. Nichukue yapi?"

"Utapita wapi?"

"Hapa hapa mtaani."

Mtaa wetu hapa Mombasa una njia ambayo nusu yake ni lami iliyochakaa na nusu ni matofali ya kabro yaliyoinuka kwa mizizi ya mwarobaini, na juu ya yote hayo kuna kokoto zilizomwagwa na mikokoteni ya wajenzi. Nikaitazama, kisha nikatamka hukumu kwa kujiamini: "Barabara yetu ni ngumu, mwanangu. Chukua magumu."

Nilifikiri kama mtu anunuaye viatu: njia ngumu, soli ngumu. Naye akanisikiliza, kwa kuwa mjomba ni mwalimu. Akaagiza magurudumu ya kipenyo cha milimita 52 yenye ugumu wa 101A, na beringi zilizoandikwa ABEC 9, kwa sababu tisa ndiyo namba iliyokuwa kubwa kuliko zote. Siku ya tatu, gurudumu la mbele liligota kwenye kokoto isiyozidi ukubwa wa kunazi. Ubao ukasimama, yeye akaendelea. Alitua kwa kiganja, na kifundo cha mkono wa kushoto kikapata ufa. Wiki sita za plasta.

Naandika haya kwa washairi na wapenzi wa lugha, wala si kwa wauza mbao. Lakini nitalazimika kuzungumza juu ya magurudumu na beringi kwa kirefu, kwa sababu hoja yangu imo ndani yake na haiwezi kutolewa nje ikabaki hai. Hoja ni hii: vijana wetu wanachagua vyombo vinavyobeba miili yao kwa maneno ambayo sisi wenye lugha hatujayatazama, na maneno yanayofaa tayari yapo. Hayapo katika kamati wala katika ushairi wetu. Yapo kwa fundi wa baiskeli.

Tuanze na neno lililoniponza. Kivumishi "-gumu" katika Kiswahili ni cha kazi nyingi mno. Jiwe ni gumu kwa kuwa halibonyei. Mtihani ni mgumu kwa kuwa unashinda. Kitambaa ni kigumu kwa kuwa hakichaniki upesi. Moyo ni mgumu kwa kuwa hausamehe. Niliposema barabara yetu ni ngumu, nilikuwa na maana ya pili: inamshinda mpitaji. Nilipomwambia achukue gurudumu gumu, nilikuwa na maana ya tatu: lisiloharibika upesi. Lakini mtengenezaji wa gurudumu, anapoandika kipimo cha ugumu, ana maana ya kwanza peke yake, yaani lisilobonyea. Maana tatu katika sentensi mbili, na kila moja ikajifanya ni ileile.

Mwenzake, "laini", ni mjanja zaidi. Hariri ni laini kwa kuteleza chini ya vidole, na mkate ni laini kwa kubonyea. Sakafu iliyopigwa saruji vizuri ni laini, ilhali ukiikanyaga haibonyei hata kidogo. Kwa hiyo mtu akisema, "barabara laini, gurudumu laini", sentensi inapendeza sikioni, ina urari na ina kina, na ni kinyume kabisa cha ukweli. Barabara laini, kwa maana ya iliyosawazishwa, ndiyo inayotaka gurudumu gumu. Barabara yenye mikwaruzo na kokoto ndiyo inayotaka gurudumu laini, kwa maana ya linalobonyea.

Sababu yake si ya siri. Gurudumu gumu likikutana na kokoto haliwezi kuimeza. Ni lazima liipande. Likiwa dogo, linaigonga kokoto karibu na usawa wa ekseli yake, na badala ya kupanda linasimama. Gurudumu linalobonyea huizunguka kokoto kama kiganja kinavyoizunguka tende, likaipita bila kuinua ubao sana. Tena likiwa kubwa, kokoto ileile inakuwa ngazi ya chini, si ukuta. Lakini mpeleke mpandaji huyohuyo kwenye uwanja wa zege uliosuguliwa, na mambo yanageuka. Gurudumu linalobonyea linapoteza nguvu kwa kila mzunguko, kwa kuwa kila linapobonyea na kurudi hubakiza sehemu ya nguvu hiyo kama joto. Pia linashika sakafu pale mchezaji anapotaka kuteleza ubavu. Huko gurudumu gumu ndilo lenye kasi, na ndilo linaloachia linapotakiwa kuachia.

Watengenezaji hueleza jambo hili kwa namba. Kipenyo huandikwa kwa milimita: kati ya 50 na 54 kwa wanaorukaruka mitaani na viwanjani, 60 na kuendelea kwa wanaotaka kusafiri tu. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore, ambapo ncha ndogo hukandamizwa juu ya kitu na kuangaliwa imezama kiasi gani. Kwa herufi A, kipimo kinaanzia sifuri na kuishia 100. Magurudumu ya safari huwa karibu na 78A hadi 87A. Ya viwanjani 95A na kupanda. Baadhi ya watengenezaji huandika 101A, yaani wameuvuka mwisho wa kipimo chenyewe. Wengine hutumia herufi B, ambayo hesabu yake kwa kawaida iko chini kwa 20, hivyo 84B ni sawa na kusema 104A. Kijana asiyeambiwa hivyo akiona 84B atadhani ameshika gurudumu la wastani, kumbe ameshika jiwe.

Ukifikiria vizuri, kipimo chenyewe kinatufundisha neno. Kinachopimwa ni kubonyea. Na neno hilo sikulipata katika kamusi. Nililipata Majengo, kwenye kibanda cha fundi wa baiskeli ambaye nilimpelekea ubao ule baada ya kutoka hospitali, nikiwa na aibu zangu.

"Shikamoo, Mzee," mpwa wangu akamsalimu, mkono ukiwa kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Baiskeli?"

"La, hiki hapa."

Fundi akaugeuza ubao, akauweka magotini. Hakusoma maandishi yoyote. Akalikandamiza gurudumu kwa ukucha wa kidole gumba, akatazama, akakandamiza tena. "Hili halibonyei," akasema. "Kwa njia zetu hizi litarukaruka, na kokoto ikilishika halina pa kuiweka. Nani aliwaambia mnunue hili?"

Kijana alinyamaza kwa adabu. Nami nikanyamaza kwa sababu nyingine.

Kwa ukucha mmoja na kitenzi kimoja, fundi alikuwa amefanya kazi ya kipimo cha Shore, na amefanya kazi ya mwanaisimu. Hakusema gumu wala laini. Alisema halibonyei. Kitenzi hiki hakina maana mbili za kupigana. Barabara haibonyei, kwa hiyo hakuna atakayechanganya barabara na gurudumu. Mtihani haubonyei wala moyo haubonyei, isipokuwa mshairi akitaka. Tukisema "gurudumu bonyevu" na "gurudumu lisilobonyea", na tukisema "barabara sawa" na "barabara yenye kokoto", hata mtoto wa miaka saba atachagua bila kuvunjika.

Mafundi wetu hawakuanza jana kulijua hili. Kule Goma, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na barabara, watu hubebea mizigo mizito kwenye chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Goma ni mji wa mawe ya volkeno. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo iliingia hadi katikati ya mji. Na magurudumu ya chukudu yametengenezwaje? Ni ya mbao, kisha yamevishwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu. Gumu ndani ili libebe, bonyevu nje ili lipite. Waliofanya hivyo hawakuhitaji karatasi ya vipimo. Walikuwa na barabara mbele yao na mzigo juu yao, wakachagua.

Hata historia ya ubao wenyewe ni historia ya kubonyea. Mwanzoni watoto wa Marekani walipachika magurudumu ya chuma chini ya mbao. Kisha katika miaka ya 1960 yakatumika ya mchanganyiko wa udongo mgumu, nayo yalikuwa yakigota kwenye kokoto kama lilivyogota la mpwa wangu. Mchezo ukadhoofika. Mapema miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya poliyurethani, mada ambayo si mpira wala si ile plastiki tuijuayo ya ndoo na vikombe, ila ina uwezo wa kubonyea na kurudi bila kulika upesi. Mchezo ukafufuka. Mwaka 2021 uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Tokyo. Nairobi kuna uwanja wa Shangilia na Kampala kuna uwanja wa Kitintale, na katika vyote viwili watoto wa Afrika Mashariki wanajifunza kuanguka na kuinuka. Huu si mchezo wa watu wengine tena. Ni wetu, isipokuwa maneno yake.

Sasa tuje kwenye beringi, kwa maana hapo kuna somo la pili, na hili linawahusu washairi moja kwa moja.

Kila gurudumu la ubao lina beringi mbili, kwa hiyo ubao mzima una nane. Karibu zote duniani zina ukubwa mmoja, ule unaoitwa 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Ndani yake kuna pete mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kuna gololi, aghalabu saba, zilizozuiwa na kizimba chembamba zisigongane. Pembeni kuna kifuniko cha chuma au cha mpira kinachozuia vumbi. Tazameni jinsi Kiswahili kinavyotosha: pete, gololi, kizimba, kifuniko. Gololi ni neno ambalo mtoto wa pwani analijua kabla hajaenda shule, kwa kuwa anazicheza mchangani. Beringi lenyewe ni neno la kigeni lililokwisha kupata uraia, kama spana na nati, kama gari lililotujia kutoka Bara Hindi. Hakuna anayeliuliza tena pasipoti.

Juu ya kasha la beringi huandikwa ABEC na namba witiri, kutoka 1 hadi 9. Kijana anaiona tisa na anadhani amenunua mwendo. Ukweli ni kwamba kipimo hiki, kilichowekwa na kamati ya wahandisi wa beringi wa Marekani, kinaeleza jambo moja: usahihi wa vipimo vya pete na mzunguko wake. Hakisemi chuma ni cha aina gani. Hakisemi gololi zimesuguliwa vipi. Hakisemi kuna mafuta gani ndani. Wala hakisemi beringi itavumilia vipi kipigo cha ubavuni mchezaji anaporuka na kutua mshazari, na hicho ndicho kipigo kinachoziua.

Tufanye hesabu kidogo. Gurudumu la milimita 52 linasonga takriban sentimita 16 kwa mzunguko mmoja. Kijana akienda kilomita 15 kwa saa, linazunguka kama mara 1,500 kwa dakika. Beringi za ukubwa huu hutengenezwa kwa mashine ambazo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na ni huko ambako tofauti ya tatu na tisa ina uzito. Mtaani, miguu ya mtoto haitafika huko. Amelipia usahihi asioweza kuutumia, na pesa zilizobaki hazikutosha kununua magurudumu ya pili.

Hapa nawaomba washairi wenzangu mvumilie nilinganishe. ABEC ni mizani. Shairi la tarbia lenye nane kwa nane katika kila mshororo limetimiza sharti lake la kuhesabiwa, na mimi si miongoni mwa wanaolidharau sharti hilo. Shairi lililopotoka mizani linalia kama beringi iliyopasuka kizimba. Lakini ni mara ngapi tumepokea shairi lililo sahihi kwa kila hesabu, vina vimepangika kati na mwisho, na bado halisogei? Mizani inatwambia kwamba vipande vimekatwa kwa ukubwa uliotakiwa. Haitwambii vimetengenezwa kwa nini, wala kama kuna mafuta baina yao. Anayehesabu silabi peke yake na kutangaza ushindi ni ndugu wa anayenunua ABEC 9 kwa njia ya kokoto.

Fundi alifungua beringi zetu mpya mbele yetu. Aliinua kifuniko kwa ncha ya sindano, akatuonyesha. Siku tatu tu, na mchanga ulikuwa umeshaingia. Akaziosha kwa petroli, akaziacha zikauke juu ya gazeti, akatia tone moja la mafuta mepesi katika kila moja, akazizungusha kwenye kidole. "Beringi haifi kwa namba," akasema. "Inakufa kwa mchanga na maji ya chumvi." Nilipomuuliza kwa nini hakutia grisi kama afanyavyo kwenye baiskeli, akanijibu kwamba grisi inadumu na inazuia vumbi, lakini ni nzito, nayo ingekuwa breki kwa chombo kidogo kinachosukumwa kwa mguu. Mtu anayeishi karibu na bahari na hapendi kuosha mara kwa mara achague kifuniko cha mpira na mafuta mazito kidogo. Anayetaka wepesi achague mafuta mepesi na akubali kazi ya kuosha. Kuna pia beringi zenye gololi za kauri, ambazo hazishiki kutu, lakini aghalabu pete zake ni za chuma kilekile, na chuma kinajua njia ya kutu.

Kisha akauliza swali ambalo sikulijua: "Kile kibomba cha kati kiko wapi?" Baina ya beringi mbili za gurudumu moja hukaa kibomba kifupi kinachozitenganisha, ili nati ikikazwa pete za ndani zibanane nacho na zisipinde. Cha mpwa wangu kilikuwa kimeachwa ndani ya kasha, kwa kuwa maelezo yalikitaja kwa neno ambalo hakulielewa, akadhani ni cha ziada. Chombo cha bei ndogo kuliko vyote kilikuwa mezani, na beringi za bei kubwa zilikuwa zikipindana bila yeye kujua.

Najua nitakayojibiwa. Wako watakaosema: mchezo wa kigeni, uachiwe maneno yake ya kigeni, kijana asome kasha kwa Kiingereza, amefundishwa shuleni. Alilisoma. Alijua kutamka kila neno. Lakini alipotaka kuamua hakuamua kwa lugha ya kasha. Alikuja barazani akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu ndimo mtu anamofikiria jambo linalohusu mifupa yake. Na nyumbani alikuta "gumu" na "laini", maneno mawili yenye vyumba vingi, na mwalimu aliyefungua chumba kisicho chake.

Wako wengine, na hawa ndio wenzangu wa karibu, watakaosema: basi tuunde istilahi. Tukae, tuchukue mizizi ya Kibantu, tuibuke na neno zuri la beringi, jingine la poliyurethani, jingine la ubao. Sipingi uundaji wa istilahi. Bila kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa na ya wanazuoni wetu tusingekuwa na lugha ya bunge wala ya mahakama. Lakini tumeona pia yanayotokea neno linapozaliwa mbali na mikono inayolihitaji. Tarakilishi ni neno lililofikiriwa kwa makini, na bado fundi anayetengeneza kifaa hicho husema kompyuta. Tukimletea yule mzee wa Majengo neno jipya la beringi, atatusikiliza kwa adabu, atatupa chai, na tukiondoka ataendelea kusema beringi. Nadhani atakuwa na haki.

Ninachopendekeza ni chepesi kuliko vyote viwili, na ni kigumu zaidi kwa watu wa vitabu: twende tukasikilize. Kila mtaa una kibanda cha fundi wa baiskeli, wa pikipiki, wa cherehani. Humo mna vitenzi vyenye maana zao za kazi: kubonyea, kugota, kulegea, kucheza, kukaza, kupinda, kulia. "Gurudumu linacheza" ni utambuzi kamili wa ugonjwa. Linatwambia kwamba beringi imelika au nati imelegea. "Beringi inalia" ni utambuzi mwingine. Anayejua tofauti ya kucheza na kulia anajua wapi pa kupeleka spana na wapi pa kupeleka mafuta. Tukiyakusanya maneno haya, tukayaandika pamoja na kazi zake, tutakuwa tumewapa vijana kitu watakachokitumia kesho asubuhi.

Wala simaanishi kwamba tuzifukuze maana mbili katika lugha. Sisi washairi tunaishi kwazo. Ulaini unaoteleza na ulaini unaobonyea kuwa neno moja ni utajiri. Mshairi wa mapenzi asingekuwa na la kusema bila huo. Lakini kuna mahali pa fumbo na mahali pa wazi, na anayetaka kuvuka barabara hatakiwi kupewa fumbo. Kazi ya anayeijua lugha ni kujua amesimama mahali gani. Mimi siku ile nilidhani nimekaa barazani, kumbe nilikuwa nimesimama barabarani na mtoto.

Mpwa wangu amefunguliwa plasta. Fundi alimpatia, kwa njia zake, seti ya magurudumu yaliyotumika ya milimita 60, 78A, mabonyevu kiasi kwamba ukucha unaacha alama na alama inarudi. Beringi ni zilezile, zimeoshwa, na vibomba vyake vimo. Yale magumu hakuyatupa. Ameyafunga katika mfuko wa kitambaa, akisubiri siku atakayofika uwanja wa zege kule Nairobi, ambako barabara ni laini na gurudumu gumu litakuwa limefika kwao. Juzi alipita mbele ya baraza, akaipanda kokoto moja kwa makusudi, akanigeukia.

"Mjomba, umeona? Imebonyea!"

Nimemwandikia beti mbili, si kwa kuwa ni bora, bali kwa kuwa deni la mwalimu hulipwa kwa maneno.

Gurudumu ukitaka, kwanza itazame njia,
Kokoto zilomwagika, hazitakuhurumia,
Namba hata zikiwaka, si za kuzikimbilia,
Jua jina, jua kazi, ndipo uanze safari.

Fundi wetu wa mtaa, maneno anayo tele,
Sandukuni mwa vifaa, yamo ya sasa na kale,
Nasi tunayakataa, twaenda kusaka kule,
Jua jina, jua kazi, ndipo uanze safari.